Safari ya Amani, Mji Uliomo Ndani ya Msitu



Wahariri wa kitabu chetu cha mwaka wameniomba nieleze safari yangu ya Amani niliyoifanya mwezi wa Julai, 2023. Wengi wenu mlinichangia nauli, na wote mlinipa kazi ya kufanya huko. Aliyetumwa sharti arudishe majibu, na majibu haya baadhi yenu mmeyasikia kwenye kikao, wengine mmeyasikia kwa simu yakiwa yameongezwa chumvi. Kwa hiyo nayaandika hapa yalivyo.

Mtakumbuka kikao cha ukoo tulichokaa mwezi wa Februari mwaka huo katika ukumbi wa kukodi, Sparkbrook. Jambo lilikuwa moja tu: shamba la Amani, ekari nne alizoacha marehemu baba yangu. Alijitokeza mnunuzi kutoka Tanga, na fedha aliyotaja haikuwa mbaya. Wengi tulisema liuzwe, na fedha iingie katika mfuko wa mazishi, maana nyote mnajua gharama ya kumzika mtu katika mji huu. Hoja ilikuwa kwamba shamba lile miaka arobaini halijatuletea kitu. Walionyoosha mkono kutaka liuzwe walikuwa kumi na saba, waliokataa wanne. Sitaki kujificha: mimi nilikuwa katika wale kumi na saba, na ndimi niliyetumwa kwenda kukamilisha.

Nilimchukua mjukuu wangu wa miaka kumi na minne. Kiswahili chake ni cha jikoni: anajua kuomba chai, kukataa ugali na kuitikia shikamoo. Mama yake alisema, "Mpeleke akaone, baba, asije akadhani tumeanguka kutoka mbinguni tukatua Small Heath."

Kutoka Dar es Salaam tulipanda basi alfajiri stendi ya Mbezi, tukapita Chalinze, kisha Segera, na saa za mchana tukashuka Muheza. Muheza ni mji wa machungwa. Kila upande magunia, kila kichwa ndoo ya machungwa. Tulipanda gari la kwenda Amani mchana ule ule, kwa kuwa likishaondoka hakuna jingine la uhakika hadi kesho. Ni kama kilometa 35 tu, walakini safari ilituchukua karibu saa tatu. Gari lilikuwa limejaa watu, mabati, kuku, na godoro moja lililokaa juu ya magoti yetu wote tuliokuwa nyuma. Mjukuu wangu aliniuliza kwa Kiingereza kama mkanda wa kiti uko wapi. Mama mmoja aliyekuwa pembeni akacheka, akamshika mkono, na hakuuachia mpaka tumefika.

Hadi Kisiwani barabara ni tambarare, na joto ni lile la pwani. Baada ya hapo msitu unafunga. Pale Zigi, penye lango la hifadhi, bado imesimama nyumba ya mbao ya Wajerumani iliyokuwa stesheni. Mwanzoni mwa karne iliyopita walijenga reli ndogo kutoka Tengeni kuja hapo, kwa ajili ya kuteremsha magogo. Reli imekwisha kung'olewa siku nyingi. Kutoka Zigi barabara inapanda kona juu ya kona, miti inakutana juu kama paa, na hewa inabadilika. Tulipofika karibu mita 900 juu ya bahari, mjukuu wangu alitoa sweta yake ya Birmingham akaivaa. Nikamwambia, "Sasa umefika kwetu."

Kwa ajili ya vijana nieleze kidogo Amani ni mahali gani. Ni mji mdogo sana, na wengine watasema si mji bali kijiji. Walakini miaka mia moja na ishirini iliyopita palikuwa mahali mashuhuri katika Afrika nzima. Wajerumani walianzisha hapo chuo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902. Walileta miti kutoka pande zote za dunia, wakaipanda mistari mistari mlimani ili wajue upi utafaa kuchumiwa fedha: mkafuri, mdalasini, mikarafuu, mianzi, mpira, mkwinini. Vita vya 1914 vilipowakatia njia ya bahari, walitengeneza kwinini hapo hapo Amani kwa ajili ya askari wao. Baadaye Waingereza wakaendelea na kazi ya kilimo mpaka ilipohamishiwa Muguga, Kenya, baada ya Vita Vikuu vya Pili. Majumba yale yakawa ya watafiti wa malaria.

Hapo ndipo baba yangu alipopata kazi. Hakuwa daktari wala karani. Alikuwa mtu wa kata na chupa: anakwenda kwenye madimbwi, anachota maji, anahesabu viluwiluwi vya mbu, anaandika. Kati ya mwaka 1954 na 1959 taasisi ile iliendesha kazi kubwa ya kupuliza dawa majumbani katika nchi ya Pare na Taveta, na baba alikuwa katika vikosi vile. Alipenda kutusimulia wazee wa huko walivyokataa kutoa vyungu vyao nje ili nyumba ipulizwe, naye akawa anavibeba kimoja kimoja mwenyewe. Mimi nilizaliwa katika nyumba za wafanyakazi mwaka 1956. Nilipoondoka kuja Uingereza mwaka 1978 baba alikuwa amekwisha kununua zile ekari nne, amepanda iliki. Alifariki 1983, akazikwa shambani mwake. Mimi sikuweza kwenda. Wakati ule nilikuwa na mtoto mchanga, kazi ya usiku, na mfukoni hamna kitu.

Basi nyumba za wakubwa bado zipo juu ya kilima, na mabati yake yameshika kutu nyekundu. Ile barabara niliyoizoea ina ukimya. Zamani saa moja asubuhi ungesikia kengele, na watu wanateremka kazini kwa makundi. Sasa nilisikia mbega wakirukaruka, na hondohondo wakipita juu na ule mlio wao kama wa punda aliyekasirika. Msitu umesogea. Mahali tulipokuwa tukicheza mpira nimekuta miti ambayo siwezi kuikumbatia.

Shangazi alikuwa anatungoja barazani. Ana miaka themanini na kitu, mwenyewe hataki kuhesabu. Nilipoinama kumpa shikamoo alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, akanitazama kwa muda mrefu, akasema, "Marahaba, mwanangu. Umekuwa mzee kuliko kaka yangu." Kisha akamgeukia mjukuu wangu, akamwambia, "Na wewe ndiye Birmingham?" Tangu siku hiyo hakumwita kwa jina lingine.

Usiku ule sikusema kilichonileta. Wala yeye hakuuliza. Tulikula ugali wa muhogo na mboga ya majani ya porini, na yule mtoto anayekataa ugali kwetu alikula akaongeza. Ukungu uliingia mpaka ndani ya nyumba, ukakaa juu ya kibatari.

Asubuhi shangazi alichukua panga na fimbo, akasema twende shambani. Mimi nilitazamia kuona pori. Nilikuwa nimewaambia kwenye kikao kwamba shamba limekuwa pori. Ndugu zangu, nilikuta mipaka imefyekwa. Chini ya miti mikubwa ipo iliki imesimama mabega yangu, pilipili manga imepanda juu ya miti, pembeni migomba, mikarafuu minane na midalasini ambayo sikuweza kuihesabu. Shangazi alipiga magoti, akamwonyesha mjukuu wangu kwamba iliki haizai juu ya majani bali chini kabisa, kwenye vishada vinavyotambaa ardhini. Kila punje unayoiona ndani ya chai imeokotwa na mtu aliyeinama.

Alinieleza pia mambo ambayo hayakuwa mazuri. Zamani watu walidhani iliki ni rafiki wa msitu, kwa kuwa hukatwi miti yote. Kumbe vichaka vya chini vinafyekwa, miti midogo haioti, na baada ya miaka kadhaa iliki huchoka; ndipo mtu hukata miti iliyobaki akapanda mahindi au muhogo. Viwanda vya mbao navyo vilivuna magogo mpaka serikali ilipozuia katikati ya miaka ya 1980. Yaliletwa mashauri na misaada, hususa kutoka Finland, na mwaka 1997 hifadhi ya Amani ikatangazwa, hekta zaidi ya 8,000. Huko Derema wakulima wa iliki waliondolewa msituni kwa fidia, na maneno ya fidia hiyo hayajesha midomoni mwa watu. Shamba letu lilibaki nje ya mpaka, kwa hatua chache tu. Shangazi aliniambia, "Jiwe la mpaka lile pale. Nililala macho siku mbili walipokuja kupima."

Mwanzoni mwa karne hii wengine walikuwa wakifuga vipepeo na kuuza ng'ambo kwa maonyesho. Alijaribu na yeye. Kisha mwaka 2016 serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyama hai nje ya nchi, na biashara ile ikakwama. "Nikarudi kwenye iliki," alisema. "Iliki haina miguu."

Kaburi la baba liko upande wa juu, chini ya mkafuri. Limezungushiwa mawe, na majani hayakuwepo hata moja. Kando yake lipo la bibi yangu, na mengine mawili madogo ya watoto ambao mimi nilikuwa nimewasahau. Tulisoma dua. Mjukuu wangu alikuwa anajua Fatiha, na akaisoma yote kwa sauti bila ya kukosea. Nilifuta macho nikasema ni moshi, ingawa moto haukuwepo.

Tulipokuwa tukirudi kupitia kijito, mtoto yule alipiga kelele nikadhani ni nyoka. Kumbe juu ya mwamba wenye kivuli na unyevunyevu ameona maua madogo ya zambarau, majani yake mazito yenye manyoya. Akasema, "Babu, haya ni maua ya yule bibi wa nyumba ya jirani!" Ni kweli. Nyote mmeyaona kwenye madirisha ya wazee wa Kiingereza, na katika maduka ya Birmingham huuzwa ndani ya vikopo. Asili yake ni milima hii. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huku Tanga, aliyaona akayapeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akayapa jina la Saintpaulia kwa heshima yao. Leo yako dunia nzima, lakini porini yamebaki kidogo, kwenye miamba yenye kivuli, na kivuli kikiondoka nayo huondoka. Mjukuu wangu alitaka kuchuma moja. Shangazi akamzuia: "Yako mengi kwenu. Haya yaache hapa."

Kijito kile kinakwenda kuingia mto Zigi, na maji ya Zigi ndiyo wanayokunywa watu wa Tanga. Nilipomweleza mjukuu wangu, akaniambia kwamba shule yao iliwapeleka Elan Valley, kule Wales, na akanifundisha mimi babu yake. Maji ya Birmingham yanatoka huko kwa mfereji wa maili 73, uliofunguliwa na Mfalme Edward wa Saba mwaka 1904. Kabla ya mabwawa kujaa, watu wapatao mia moja waliokuwa wakikaa katika lile bonde walihamishwa. Nikawaza: miaka karibu ile ile, Wajerumani wakipanda miti Amani, Waingereza wakizamisha bonde la Wales. Kila mji mkubwa una mlima unaounywa, na juu ya mlima huo pana mtu aliyelala macho akingojea wapimaji.

Siku ya tatu nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuulizia utaratibu wa kuuza. Ni kijana mpole, mwenye umri wa mwanangu. Alinikaribisha kiti, akafungua kabati, akanionyesha karatasi: hatimiliki ya kimila, na juu yake limeandikwa jina la shangazi. Kisha akaniuliza kwa adabu, "Mzee, hati yako ya kusafiria ni ya wapi?" Nikamwonyesha. Akaitazama, akanirudishia kwa mikono miwili. Akanieleza kwamba kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1999 asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya kijiji, na aliyechukua uraia wa nchi nyingine amekwisha kuacha wa Tanzania. "Kwa hiyo mzee," akasema, "muuzaji akiwepo ni bibi peke yake. Je, bibi anauza?"

Sikuwa na jibu. Watu ishirini na mmoja tulikaa Sparkbrook saa tatu nzima, tukala sambusa, tukapiga kura juu ya mali ya mtu ambaye hatukumpigia hata simu.

Usiku huo nilimweleza shangazi kila kitu, mkono wangu niliounyoosha pia. Alikuwa akipepeta iliki kwenye ungo. Hakuacha kupepeta. Nilipomaliza aliniambia, "Nilikwisha kusikia. Mnunuzi wenu alikuja hapa kupima kwa macho kabla hamjakaa kikao." Halafu akamtuma mjukuu wangu alete daftari lililokuwa chini ya godoro.

Yalikuwa madaftari matano ya shule, yamefungwa kwa kamba. La kwanza linaanza 1983. Kila mavuno yameandikwa: iliki kilo kadhaa, karafuu, mdalasini, bei ya Muheza, mbolea, kibarua, ada za watoto. Na kila mwaka, mstari wa mwisho, yapo maneno haya haya: "Fungu la watoto wa kaka." Mbele yake uzito. Kilo mbili. Kilo tatu. Mwaka wa ukame, robo.

Ndugu zangu, mnakijua kile kifuko cha kitambaa, kilichoshonwa kwa mkono, kinachokuja na kila msafiri anayetoka nyumbani. Iliki ya chai ya Idi. Iliki ya harusi zote tulizofanya katika mji huu. Mdalasini wa pilau la kila hitima. Sisi tulikuwa tukisema, "Shangazi katuletea zawadi." Wengine tulimrudishia shati kuukuu au sabuni, tukaona tumemtendea wema. Haikuwa zawadi. Ilikuwa mgawo wetu, umepimwa kwa mizani na kuandikwa kwa miaka arobaini, na yeye hakukosa hata mwaka mmoja. Nasi tulisimama ukumbini tukasema shamba halijatuletea kitu.

Nilimwomba radhi. Alisema, "Radhi ninayo, mwanangu. Lakini mwambie na yule aliyesema mimi nalila peke yangu." Nami namwambia hapa, maana anajijua.

Tulirudi Birmingham mwanzo wa Agosti, na kikao kilikaa Oktoba. Nilisoma daftari la kwanza mbele ya wote, picha zake nilizipiga kwa simu. Tuliamua mambo matatu. Kwanza, habari ya kuuza imekufa maadamu shangazi yu hai, na baada yake neno litakuwa la binamu zetu walioko Muheza, ambao ni raia na ndio wanaolima. Pili, kila nyumba itatoa pauni tano kwa mwezi kwa ajili ya mabati mapya na kibarua wa kumsaidia kuvuna. Tatu, mfuko wa mazishi tutaujaza kwa michango yetu wenyewe kama watu wengine wote wa mji huu. Hawakukubaliana wote. Wapo ndugu wawili ambao mpaka leo wanasema nililainishwa na chai. Nawaheshimu, na mlango wangu uko wazi kwao. Nyumba kumi na nne ndizo zilizolipa hadi sasa. Tano bado, na mweka hazina anazijua.

Mjukuu wangu hupiga simu Amani kila Jumapili. Kiswahili chake sasa kimetoka jikoni kimefika barazani. Juzi nilimsikia akimwuliza shangazi kama kule ukungu umeshuka, na shangazi akamjibu kwa sauti ya kusikika hadi sebuleni, "Umeshuka, Birmingham. Na huko kwako?"

Vijana, atakayekwenda likizo nyumbani asiishie Dar es Salaam wala Unguja. Apande gari la mchana pale Muheza, achukue sweta, na viatu vya kuteleza aviache. Akifika asiulize njia ya shamba, aulize njia ya kwa bibi. Na akirudi na kile kifuko cha kitambaa, akipokee kwa mikono miwili, kisha akipime na aandike uzito wake. Daftari la upande wetu nimeliacha kwa katibu, kurasa za mwanzo nimezijaza mimi.

Wasalaam.